Vita vya Kiti cha Nyuma ya Kaunta

Njooni, enyi mliosimama foleni na ninyi mliolala fofofo, sogeeni mtege masikio, kwani nataka kusimulia vita vikuu kupita vile vya wafalme, ambavyo havikumwaga damu ila jasho la bosi mmoja, na hilo nalo si haba. Ewe ulimi wangu, usiniangushe. Nawe hasira, nipe nguvu nimseme nimmalize.

Palikuwa na duka la samani, na mwenye duka hilo wafanyakazi walimwita Bwana Simama: Mlinzi wa Nailoni, Adui wa Magoti. Humo vilipangwa viti vya kila namna, vya mbao na vya kunesa, vyote vimevikwa nailoni hadi miguuni, na hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kuketi hata kimoja. Tangu mlango ufunguliwe hadi ufungwe walisimama katikati ya viti wakiwasifia wateja raha ya kukaa. Sheria ya kazi ilitaka muuzaji apewe kiti, lakini Bwana Simama akikumbushwa hucheka. "Sheria imeandikwa na watu waliokaa! Watajua nini kuhusu kazi?" Na akiyasema hayo, yeye mwenyewe amezama kwenye kochi.

Sasa mtukuzeni Mama Pacha, muuzaji wa kaunta, Jabali la Zamu, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vikamkataa. Daktari alikwisha kumwambia apumzishe miguu au aache kazi. Kuacha hakuweza, kwa kuwa mapacha wake, Mungu awakuze, hula kama watu wanne.

Ndipo ikavuma habari kwamba afisa wa kazi anakuja kukagua, nayo habari ilimtangulia mwenyewe kwa siku kadhaa, kama ilivyo ada ya ukaguzi wa kushtukiza. Bwana Simama akajua lazima kiti kionekane kaunta. Je, alitoa kiti kizuri? Thubutu! Aliingia stoo akakokota kiti kibovu, kilichorudishwa na mteja kwa sababu ya mguu mmoja mfupi, akakitupa nyuma ya kaunta.

"Kaa hapo, mama, na utabasamu. Akiondoka tu, kinarudi stoo."

Mama Pacha akaketi. Afisa akaja, akaona kiti, akaona na mtu juu yake, akaridhika kwa wepesi wa kuaibisha, akatoka zake. Akasimama kibarazani akiongea na simu.

"Haya, inuka," akanong'ona Bwana Simama. "Kirudishe."

"Siinuki, bosi."

Lo! Ardhi haikutikisika, ila fundi wa vanishi kule kwenye kona aliangusha brashi.

"Unasemaje wewe?"

"Nasema hivi: miguu hii imekutumikia miaka yote, haijawahi kukudai hata ahsante. Leo imeonja kupumzika. Ukitaka niinuke, njoo uniinue mwenyewe, na yule pale nje aone."

"Nimekufukuza kazi! Sasa hivi!"

"Sawa, bosi. Sheria inataka uniandikie sababu. Andika."

Akanyakua karatasi kama jemadari anayechomoa upanga, akaandika kwamba mfanyakazi huyu amefukuzwa kwa kosa la, na hapo kalamu ikagoma. Akajikaza, akaandika utovu wa nidhamu.

"Nimefanya nini?" akauliza Mama Pacha kwa upole.

Bwana Simama akafuta. Fundi wa vanishi akachungulia begani kwake. "Andika tu, bosi, amekutwa amekaa kwenye kiti. Kisha tumpelekee afisa aisome, bado yupo."

Mshindi wa vita vingi dhidi ya wanyonge akatazama kioo cha mlango: afisa angali anaongea. Akaitazama karatasi, jasho likimchuruzika hadi kwenye tai. Akaikunja, akaitia mfukoni, na kwa sauti ya mfalme anayekabidhi funguo za ngome akatamka:

"Basi kaa. Lakini usiegemee."

Enyi waandishi wa tarehe, chovyeni kalamu zenu! Acheni kidogo wafalme na majeshi yao, mwandike kwamba siku ile, bila panga wala mkuki, mbele ya dola nzima ya Bwana Simama, mwanamke mmoja aliyechoka alinyoosha miguu yake iliyovimba, akashusha pumzi, akaegemea.