Nirudishie Peni Yangu, Mkosa ni Wino wa Buluu

Ibra, Jumatatu, baada ya Alasiri

Kwa Ndugu yangu Mheshimiwa Harub, Mkubwa wa Gurupu la Ukoo na Mwekaji wa Peni Isiyokuwa Yake, Nizwa.

Ndugu Mheshimiwa,

Sasa tuendelee pale pale ulipokata simu. Nilikuwa nishafika kwenye marashi. Utasema mtandao, utasema majabali, lakini bwana wee, mtandao hausonyi kabla ya kukatika.

Kwa kuwa simuni hunisikilizi, na kwenye gurupu umenitoa, nakuandikia kwa mkono na kwa heshima zote. Naandika kwa uchukuti wa mtende niliouchonga kwa kisu cha jikoni, kama tulivyofundishwa chuoni, maana peni unayo wewe. Chupa za wino umeziacha. Ulidhani bila ya peni wino haufanyi kazi. Hapo ndipo ninapojua kuwa skuli zote ulizosoma zimekupita juu kwa juu.

Barua hii najua utaisahau garini, basi na atakayeiokota naye aelewe. Watu wa Aija, kule Sur, walikuja Nizwa kumposea kijana wao Muatasim binti yako Tahani. Barua ya posa imefungwa kwenye leso ya hariri, Kiswahili safi, kama wazee wetu walivyokuwa wakifanya Unguja. Majibu nayo yakatakiwa kwa barua. Wewe ofisini unaandika Kiarabu na Kiingereza, lakini Kiswahili chako cha mkono ni kama kuku kapita juu ya unga. Tahani mwenyewe, neno "tumekubali" analiandika kwa herufi tatu. Nikabaki mie, niliyeishia darasa la tatu lakini mwenye hati nzuri, na mwenye sanduku la wino rangi sita ulilonipa kwa mkono wako. Ukanisomea simuni, nikaandika, nikampa jirani aliyekuwa anakwenda Sur. Leo siku ya kumi na saba, Aija kimya. Tahani hali, halali. Na wewe, kwa kuwa mwenye binti hapigi simu kuuliza, hasira zako zote umezileta Ibra: peni umeichukua, gurupu umenitoa, na siku ya hina, kama itakuwapo, umesema nisikanyage.

Malalamiko yangu nimeyatia nambari ili usiruke.

1. Peni umeninyang'anya mbele ya Mazoon. Katika majirani wote wa Ibra, mbele ya Mazoon! Mie niliyekubeba mgongoni, ukinikojolea kanga mbili kwa siku, leo unaingia kwangu bila ya shikamoo unanivua peni mkononi kama askari anamvua mwizi saa. Mazoon alikuwa kanyanyua kikombe cha kahawa, akabaki nacho hewani hivi, hanywi hatui. Ulipotoka akaniambia, "Pole, Ghalia. Kwani uliandika nini hata ikawa hivi?" Mie! Kuulizwa khabari na Mazoon! Miaka ishirini na mbili katika mtaa huu mie ndiye ninayeuliza na yeye ndiye anayejibu. Kabla ya Magharibi duka la mwisho la soko lilikuwa lishapata khabari, na ilifika ikiwa na vitu ambavyo hata mie sikuvijua.

2. Umesema, na Mazoon anasikia, "Wino ni wa kuandikia, dada, si wa kuchezea." Naomba nikusomeshe kidogo.

Wino mweusi hautoki kwa maji wala kwa sabuni. Nakata plasta ya kidonda, naandika GHALIA, nabandika chini ya kila bakuli. Ramadhani zimetoka bakuli zangu kumi na moja na sambusa, zimerudi kumi na mbili. Hiyo ya ziada ya Mazoon, sijaamua kuirudisha. Tangu hapo imeniganda tabia: bakuli lolote nikipewa naligeuza chini kwanza. Hata siku ile ya posa niligeuza bakuli la halwa ya Bi Shukriya, mama yake Muatasim, aliyetuapia kuwa kaikoroga mwenyewe tangu alfajiri mpaka mikono ikamvimba. Lakini hayo hayamo katika malalamiko.

Wino wa kijani ni wa zamu za maji ya falaj, huo mfereji wa mashamba, kwenye kalenda ya jikoni. Mashamba yetu yalikuwa hayapati maji kwa ugomvi; sasa mtu akibisha namwonyesha ukuta, kijani hicho, ananyamaza.

Wino mwekundu niliwatilia alama mbuzi wa Idi, tone moja kwenye paji la uso, wasichanganyike na wa Mazoon. Hili nakubali halikwenda vyema, kwa sababu mbuzi hupendana na kujisuguasugua. Mpaka Alasiri mbuzi wote wa mtaa walikuwa wangu.

Kahawia ni kwa mikwaruzo. Ule mlango wa kabati la marehemu mama ulioukwaruza wewe kwa baiskeli, leo nenda kautafute mkwaruzo. Na viatu vyako vya ngozi ulivyovaa siku ya posa ukasifiwa, ukasema umevinunua Maskati juzi, unadhani nani alivipitia usiku wa kuamkia?

Zambarau ni kwa khabari ambazo sina hakika nazo. Nina daftari maalumu. Ikihakikika naifutia mstari, isipohakikika naiacha ikomae. Mtu mwenye utaratibu kama huu unamwita mpayukaji, Harub?

Na buluu ni nili. Kijiko kimoja kwenye maji ya mwisho, nguo nyeupe inakuwa nyeupe mpaka inamchoma mtu macho. Dishdasha uliyoivaa siku uliyokuja kuninyang'anya peni iling'ara kwa chupa hiyo hiyo, maana mkeo huniletea mie nizifue. Basi kama wino si wa kuchezea, vua.

3. Sasa tufike kwenye marashi, ulipokata simu.

Mie nina sharia yangu: la kheri huandikwa kwa buluu, la masharti huandikwa kwa nyeusi, mtu asije akakana. Basi salamu, dua, na lile neno lenyewe, "tumekubali, mwanetu ni wenu," nikaliandika kwa buluu, herufi zimelala vizuri kama watoto walioshiba. Nikaosha peni, nikatia nyeusi, nikaandika masharti yako matatu. Karatasi ilipokauka nikachukua mrashi, maana barua ya kheri haitoki kavu nyumbani kwetu, marehemu mama akinyunyiza hata bahasha. Nikanyunyiza mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu kichwa cha mrashi kikachopoka.

Nikaipepea, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha. Ilinukia, Harub! Ungekuwapo ungeolewa wewe.

Nani aliniambia kuwa buluu inaogopa maji? Juu ya chupa yameandikwa maneno ya kizungu madogo kama sisimizi. Ndiyo Muatasim akampelekea Tahani picha ya barua ile simuni, bila ya neno lake hata moja: juu wingu la buluu, si salamu, si dua, si tumekubali, na chini ya wingu, safi kama adhana, "Sharti la kwanza: asiparishwe samaki. Sharti la pili: awe na jiko lake. Sharti la tatu: kila Ijumaa aletwe kwao." Watu wametoa leso ya hariri, wanarudishiwa amri tatu bila ya ndiyo. Hata mie ningenyamaza.

Lakini tugawe makosa kwa haki. Fungu la kwanza la aliyetengeneza wino usiojua kuogelea. La pili la mafundi wa marashi, kwa kutengeneza mrashi wenye kichwa kilegevu. La tatu la marehemu mama, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kunyunyiza. La nne lako, uliyenunua sanduku. Nimehesabu tena na tena, na mie halikunifikia hata fungu moja.

4. Hili ndilo lililonitia uchungu khasa. Umesema, "Nakujua wewe. Labda uliongeza na maneno yako." Mimi! Ulimi wangu una mambo yake, sikatai, lakini mkono wangu una amana. Ulilonisomea ndilo nililoandika. Sikuongeza hata nukta.

5. Hina. Mie ndiye shangazi wa Tahani, na shangazi ni mmoja, hakuna mwengine wa akiba. Hina bila ya shangazi ni matope. Nani atamwambia binti yale ambayo mama yake anaona haya kumwambia? Wewe? Na huyu mtoto nampenda, Harub. Alipokuwa mdogo alikuja kwangu likizo zote, akalala kwenye mkono wangu huu huu unaousingizia. Akilia yeye Nizwa, mie Ibra chai haipiti.

Kwa hayo yote naomba kwa unyenyekevu:

Peni yangu irudi, imefungwa kwenye leso, ya hariri. Chupa mbili kubwa za buluu, moja ya nguo moja ya kheri. Nirudishwe kwenye gurupu, na kila mmoja aandike "shikamoo shangazi" kwa zamu, uanze wewe, na anayetuma picha ya ua tu hahesabiwi. Na kuanzia leo barua zote za ukoo huu ziandikwe na mie, za posa, za talaka, za umeme, kwa sababu sasa ndiye peke yangu ninayejua wino gani unatoka kwa maji. Utampeleka wapi fundi aliyekwisha kukosea? Huyo ndiye hatokosea tena.

Nisalimie mkeo, mwambie kanzu zake tayari. Tahani mbusu macho yote mawili. Wasalimie wote wa gurupu, hata wale waliofurahi nilipotolewa. Nawajua, nimewaandika kwa zambarau.

Nimebaki mimi, mkubwa wako kwa tumbo na mdogo wako kwa gurupu,

Dada yako Ghalia

Baada ya hayo: Nimekumbuka kitu kidogo, wala hakina maana. Ile picha ya Muatasim imekatika kwenye sharti la tatu. Chini yake kulikuwa na nafasi kubwa nyeupe, na peni ilikuwa bado imejaa nyeusi, na kumwaga wino ni israfu. Basi niliuliza tu. Kuuliza si kuongeza. Niliandika: "Shikamoo Bi Shukriya. Jee, halwa uliyoikoroga Aija tangu alfajiri, mbona chini ya bakuli lake pana karatasi ya duka la Izki, hapo njiani?" Basi. Mstari mmoja. Marashi yalifika hapo pia, lakini nyeusi ile, nilikwambia, haitoki. Wino mzuri sana. Sasa ninapofikiri, labda ni mstari huo ndio uliowanyamazi...

Hebu ngoja, Azza ananiita kutoka mlangoni anapiga makelele. Mwanangu huyu hana adabu ya kungojea mtu amalize. Anasema gari imesimama kutoka Sur, kashuka mwanamke ana sufuria ya shaba inayotosha kukogea mtoto, na nyuma yake kijana kabeba mwiko mrefu kama mtumbwi na gunia la sukari. Anasema yule mwanamke hatoki uwanjani kwetu mpaka aikoroge halwa mbele ya macho yangu, na mie nikoroge naye mpaka mikono inivimbe. Na anauliza kwa sauti, Mazoon kashatoka nje, "Yuko wapi huyo shangazi wa mkwe wangu?"

Wa mkwe wangu, Harub! Kasema wa mkwe wangu! Mwambie Tahani aoshe uso, na ile peni