Hotuba ya Kufungua Studio ya Muziki wa Gemu, Salgaa

Mwakilishi wa Naibu wa Kaimu Mkurugenzi, ambaye ni mimi, pamoja na Pasta wetu, machifu, manaibu wa chifu na wale wanaojiita manaibu, wazee wa Nyumba Kumi, madereva wa trela mlioegesha kwa hiari na mlioegeshwa na polisi, akina mama wa chapati, itifaki zote zizingatiwe, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Endelea, jua ni kali!)

Nimesimama hapa, katika capacity yangu ya Msaidizi wa Ubunifu, Burudani na Mambo Yanayofanana na Hayo, ku-launch Studio ya Muziki wa Gemu, flagship project ambayo, kufuatia stakeholder engagement na benchmarking ya siku kumi na nne iliyonifikisha Ulaya nikarudi na hili koti, imekamilika kwa asilimia mia moja na nane. (Makofi. Mtu anauliza hiyo nane imetoka wapi.)

Hapa mbele mnamwona binti yetu Chepkurui, aliyekuwa akiosha sufuria katika hoteli ya Mama Trizah mpaka nilipomwandikia barua yenye muhuri kwamba studio iko tayari, naye akaacha kazi siku hiyo hiyo, na hiyo ndiyo inaitwa confidence in public institutions. Huyu binti amechukua santuri za vinanda na vayolini ambazo mzungu aliacha kwa shamba kule Molo, akazirekodi kwa simu, akazikatakata sauti kama sukuma wiki, zingine akazigeuza mwisho ukawa mwanzo, akatengeneza muziki wa gemu ya video ambayo unateremsha trela isiyo na breki kwenye mteremko wa Sachangwan.

Tulipoucheza saa hii kwa spika ya kanisa, nyote mliinuka, mkavua kofia, na Mzee Kimeli akaanza kuuliza ni nani amekufa. (Kicheko. Mzee Kimeli: "Lakini hiyo kinanda ililia, boss! Ni ya matanga kabisa!") Mzee, keti. Hakuna marehemu. Hiyo inaitwa experimental.

Ila niseme ukweli, off the record. Zile vayolini zilipoanza kuvutwa polepole, zikikwaruza, mguu wangu wa kulia ulikanyaga udongo ukitafuta breki. Na kule chini ya mteremko, zilipokatika zote, kikabaki kinanda kimoja kinagonga noti moja tu, nilisahau cheo changu kwa sekunde karibu nne. (Chepkurui anacheka, anafunika mdomo.) Amebakisha nusu ya muziki, na hawezi kuimalizia kwa simu iliyopasuka kioo. Anataka kompyuta, stima, na chumba kisicho na kelele. Ndiyo maana ofisi yangu ikasema: studio!

(Mama Trizah, kutoka nyuma: "Na iko wapi, mheshimiwa?")

Mathe, maswali ni baada ya slogans. Salgaa juu! (Juu!) Vayolini juu! (Juu zaidi!) Breki chini! (Madereva wanageuka kutazama trela zao.)

Nimalizie kwa shukrani. Asante Owino kwa kutuachia hii posho mill yako ya kusaga mahindi hadi saa tisa. Toeni hiyo pazia tuliyoandika "Studio", watu wa mahindi wanangoja. Asante mwenye saiba ya intaneti kwa kutuazima hiyo kompyuta, ambayo ndani haina kitu, kwa hivyo ibebeni bila wasiwasi. Asante fundi aliyetuchorea studio, na karani aliyepoteza mchoro. Chepkurui, asante kwa subira, ambayo utaanza leo. Na wewe Mama Trizah, kwa heshima ya ofisi yangu, yale masufuria: umeshapata mtu mwingine wa kuyaosha?