Mwongozo wa Kujisifu kwa Utaratibu

Jamani, hii mtasema nimetunga. Sijatunga. Ninayo hapa kwenye simu, dakika kumi na moja na sekunde arobaini, na sauti imetoka safi kuliko video ya harusi ya dada yangu.

Ilianza mwezi wa tatu. Wilaya yetu ya milimani ilitangaziwa habari kubwa: utamaduni wa sisi Wabunun sasa umehifadhiwa rasmi. Tangazo lilibandikwa kituo cha basi, kwenye ghala la plamu na kwenye mlango wa kanisa, likiwa na mihuri mitatu. Lilisema kuanzia tarehe moja nyimbo zote za jadi zitaimbwa kwa kufuata mwongozo, na zile ambazo mwongozo wake haujatoka zisubiri.

Mimi naitwa Niun, na haya nayajua kutoka ndani. Nilikuwa Msaidizi wa Muda wa Kumbukumbu za Sauti na Picha, Daraja la Pili. Kazi yangu ilikuwa kurekodi kila kitu kwa simu. Simu ni yangu, cheo ndio cha ofisi.

Ofisi yenyewe iliitwa Kamati ya Usawazishaji wa Sauti za Jadi, chumba kimoja juu ya posta. Mkuu wake alikuwa Mkurugenzi Ko. Ni mtu wetu kabisa, kazaliwa bonde la pili pale, ila aliondoka kwenda kusoma mjini akiwa na miaka saba, akarudi juzijuzi na tai na mashine ya kuchana karatasi. Kazi aliipenda. Mtu wa kwanza niliyemwona anapiga muhuri kwa tabasamu.

Sasa, kwetu kuna kitu kinaitwa malastapang. Ni kujisifu. Watu wanachuchumaa duara, kikombe cha pombe ya uwele kinazunguka, kikikufikia unataja ulichofanya. Unataja kifupi kifupi, kipande kwa kipande, na kila kipande wenzako wanakirudisha kwa pamoja, kwa nguvu, mpaka mbavu zinatetemeka. Mwisho kabisa unataja ukoo wa mama yako. Hapo ndipo shangwe inapolipuka. Maana hata uwe umeua nguruwe mwitu kumi, bila huyo mama ungewaulia wapi? Watoto nao wanafanya hivyohivyo, ila kikombe chao kina juisi ya plamu.

Kamati ikaliangalia jambo hili ikashtuka. Watu wanajisifu ovyo. Hakuna fomu.

Ndipo ukatoka Mwongozo wa Kujisifu kwa Utaratibu, kurasa arobaini na mbili. Mtoto anayetaka kujisifu ajaze fomu nakala tatu, wiki mbili kabla, aambatanishe ushahidi. Puni, wa darasa la pili, alijaza kwamba amefukuza nyani kwenye mahindi kwa ufagio. Fomu ikarudi: ushahidi uko wapi? Ikabidi nipande mlima kumpiga picha nyani. Fomu ikarudi tena, imeandikwa kwa wino mwekundu: "Nyani aliye pichani anaonekana kuondoka kwa hiari yake." Puni akanitazama kama mimi ndiye niliyemlea huyo nyani.

Huyu Puni ni mjukuu wa Bibi Langui, na hapa ndipo penye uzito. Bibi Langui ana miaka sabini na nane. Kila Jumamosi anawafundisha watoto wa shule yetu, wote thelathini na wanne, lugha, kupanda uwele na kuimba. Noti za muziki hajui hata moja. Anachofanya ni kukuwekea kiganja mgongoni, akisikia pumzi inakotoka anakwambia imekosea njia. Hao watoto wamelowa kwaya. Ukiwauliza nani kavunja dirisha, wanajibu "si mimi" kwa sauti tatu tofauti, zinazopatana.

Kamati ikagundua Bibi Langui hana cheti. Ikaamua, kwa huruma, isimwondoe moja kwa moja. Ingekuja kukagua. Watoto wakipata alama themanini, darasa la Jumamosi linabaki. Wakikosa, darasa linafungwa, na badala ya bibi shule inapewa Spika Sanifu ya Utamaduni, ambayo tayari ilikuwa imeshafika, iko stoo, imefunikwa turubai.

Niliipeleka barua mwenyewe. Bibi alikuwa anapalilia. Aliniambia nimsomee, nikasoma, akanyoosha mgongo.

"Hiyo spika," akauliza, "mtoto akikosea pumzi itamwambia?"

Nikasema sidhani, Bibi.

"Akilia?"

Nikasema ina kitufe cha sauti kubwa na sauti ndogo.

Akaendelea kupalilia. Ila jembe lilikuwa linakwenda kasi kidogo, na miche miwili ya uwele aliing'oa pamoja na magugu. Sijawahi kumwona akikosea hivyo.

Kilichokuja kutuokoa kilikuwa kifungu cha saba. Mwongozo wa mwanzo ulisema watoto "waitikie ipasavyo". Mkurugenzi Ko akaona neno "ipasavyo" lina mianya. Akaita mkutano shuleni, akasoma marekebisho: watoto warudie kila tamko la kiongozi, neno kwa neno, bila kuchagua, kupunguza wala kufikiri.

Bibi Langui akanyoosha mkono. Akaeleza kwa upole kwamba sisi huwa tunarudisha cha kweli tu. Mtu akianza kubabaisha, duara linanyamaza, naye anakaa chini mwenyewe.

"Mama," Mkurugenzi akasema, "ukimya hauwezi kupewa alama."

"Kwa hiyo kila neno?"

"Kila neno."

"Hata likiwa la kijinga?"

"Hasa hilo. Ndiyo nidhamu."

"Haya mwanangu," Bibi akasema. "Umesema wewe."

Akawafundisha wiki tatu nzima. Nilikuwepo, nilirekodi. Akisema neno wanarudisha. Akikohoa wanakohoa. Siku moja simu yangu iliita katikati, nikajibu "niko kazini, nitakupigia", watoto thelathini na wanne wakamwambia mama yangu wako kazini, watampigia. Mama akakata akaenda kuniombea.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumamosi, kabla kidogo ya sikukuu yetu ya kulenga masikio ya nguruwe mwitu kwa upinde. Ukungu ulikuwa umeshaondoka. Wazazi wakajaa uwanjani. Wajumbe wawili wa kamati wakakaa mezani na rula za plastiki, maana mwongozo unataka mdomo wa mwimbaji ufunguke sentimita tatu na nusu, na mmoja wao alikuwa ameshampima mtoto aliyekuwa anapiga miayo, akampa alama zote. Na kutoka makao makuu akaja mgeni, mama mmoja mnene mwenye miwani, kimya kabisa, kazi yake kuandika.

Ratiba ilisema kiongozi wa ngazi ya juu afungue kwa kujisifu kwa mfano, watoto waige. Ngazi ya juu ni Mkurugenzi mwenyewe. Nikambania maiki ndogo kwenye kola, maana ile ya mkononi ingeharibu uhalisia. Bibi Langui alisimama pembeni. Niliona vidole vyake vinachezea upindo wa kitambaa cha kichwani. Bibi alikuwa anaogopa. Nami nilikuwa naogopa.

Mkurugenzi akachuchumaa, akakohoa.

Watoto wakakohoa.

"Mimi," akasema.

"MIMI!"

"Nimeratibu!"

"NIMERATIBU!"

"Mfumo jumuishi wa uwianishaji wa sauti za jadi kwa kuzingatia viashiria."

Wazazi walishikana mikono. Lakini watoto walilichukua lile treni zima, behewa kwa behewa, kwa sauti tatu, na Puni akapanda juu kwenye "uwianishaji" mpaka ndege wa kwenye paa wakahama. Mkurugenzi alichanua. Kwa dakika nne alijisifu kwa mikutano aliyofungua, mikutano aliyofunga na mmoja alioufunga kabla haujafunguliwa, na yote ikarudi kama ngurumo.

Kisha akafika mwisho, pale pa ukoo wa mama.

Akafungua mdomo. Sentimita tatu na nusu, wajumbe watakuwa mashahidi. Hakikutoka kitu. Akafunga, akafungua tena. Akageuka kwangu, akaziba mdomo kwa kiganja, akanong'ona:

"Niun, ukoo wa mama yangu unaitwaje?"

Maiki iko kwenye kola.

"NIUN, UKOO WA MAMA YANGU UNAITWAJE?"

Bonde zima lilisikia. Mwangwi ukaenda upande wa pili ukarudi, na wenyewe unauliza.

"Nyamazeni," akasema.

"NYAMAZENI!"

"Hiyo siyo."

"HIYO SIYO!"

"Zima hii kitu."

"ZIMA HII KITU!"

Na mimi nizime vipi? Mikono yote miwili iko kwenye simu, na mwongozo unakataza kukatisha rekodi. Akakaa chini kabisa, tako kwenye nyasi, akasema polepole, kama mtu anayeongea na viatu vyake, "Hapa nimekwisha."

Hilo watoto hawakulipigia kelele. Wameshafundishwa kufuata pumzi ya kiongozi. Wakaliimba chini, laini, sauti tatu zinashuka kwa pamoja, hapa nimekwisha, hapa nimekwisha, mpaka mjumbe mmoja akafuta chozi kwa rula. Kwenye karatasi yake akaandika: Uhalisia, ishirini kwa ishirini.

Bibi Langui akatoka pembeni. Akatembea mpaka pale kwenye nyasi, akamwekea yule mkubwa kiganja mgongoni.

"Haisul," akamwita.

Mimi sikujua kama ana jina hilo. Ofisini hata kwenye kikombe chake cha chai imeandikwa Mkurugenzi.

"Haisul, mama yako ni wa ukoo wa Palalavi. Tulikuwa tunaimba naye hapahapa, yeye sauti ya juu, alikuwa anasimama pale alipo Puni. Vuta pumzi. Sio huko, hiyo ya kifuani imekosea njia. Shusha chini. Haya, sema."

Akavuta. Akasema, "Palalavi."

"PALALAVI!"

Nakwambia uwanja ulipasuka. Mababu walipiga miguu chini, na mama mwenye miwani alisimama bila kujijua.

Ukaja wakati wa kujumlisha. Watoto walipata tisini na saba. Tatu zilikatwa kwa sababu ndege wa kwenye paa hawakuwa kwenye ratiba. Lakini mgeni wa makao makuu akasema mwongozo unataka kila aliyejisifu apewe alama, bila kujali cheo. Akafungua ukurasa wa thelathini na moja akausoma kwa sauti: atakayeshindwa kutaja ukoo wa mama bila msaada atahudhuria masomo ya marekebisho kila Jumamosi kwa miezi sita, chini ya mwalimu aliyetambuliwa na kamati.

"Nani aliandika hiki kifungu?" akauliza.

Mkurugenzi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Na mwalimu aliyetambuliwa ni nani?"

Hakuwepo. Wilaya nzima hakuwepo hata mmoja, kamati ilikuwa imeshawaondolea wote utambulisho. Ilibidi atambuliwe mtu palepale ili adhabu iweze kutekelezwa. Mkurugenzi Ko akamwandikia Bibi Langui barua ya utambulisho kwa mkono wake, akagonga mihuri mitatu. Safari hii hakutabasamu.

Sasa kila Jumamosi yuko mstari wa mbele, na watoto wa darasa la kwanza, magoti yanamfika kidevuni. Puni ndiye anayempima mdomo kwa rula. Wiki iliyopita alimwambia, "Mjomba, mbili na robo, unaimba kama unaficha pipi." Yule bwana akafungua zaidi. Kwa kweli ana sauti. Ni ile ya juu.

Basi, ingeishia hapo ningelala salama. Lakini jana aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza afya ya wazazi. Halafu akasema ile video, kwa maslahi mapana ya hifadhi ya utamaduni, ifutwe. Akaongeza kwamba Daraja la Kwanza, ambalo halijawahi kuwepo, linaweza kuanzishwa Jumatatu na mtu wake akawa mimi. Nikamkumbusha kifungu kinachosema rekodi zote za jadi zitunzwe miaka hamsini. Akasema anakifahamu, amekiandika yeye. Akanikodolea macho mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Nilikuwa bado nimekaa hapo mbele yake, kidole kiko juu ya alama ya kapu la taka, simu ikatetemeka. Ujumbe wa sauti, namba siijui. Nikaweka sikioni. Mwanamke mzee, anaongea taratibu, nyuma yake kuku wanalia. Anasema yeye yuko bonde la pili. Anasema amesikia kuna video. "Nitumie, mwanangu," anasema. "Miaka arobaini sijamsikia yule mtoto akinitaja."

Mkurugenzi akauliza ni nani. Nikasema ni mambo ya ofisi.

Simu iko mkononi, futa iko kushoto, tuma iko kulia, na yeye ananiangalia. Mimi nilibonyeza kulia. Ungekuwa wewe kwenye kile kiti, ungebonyeza wapi?