Kipato cha Kaya: Hakitoshi

Jumapili, 9 Juni

Nimepiga hesabu mara mbili. Jibu lile lile. Mimi ni mkuu wa madai kwenye kampuni ya bima, mke wangu ni daktari wa macho, mishahara miwili minono inaingia nyumba moja, na leo tarehe tisa hatuna kitu! Mshahara wetu ukifika unapiga hodi, hauketi hata kunywa maji, unaaga.

Zinakwenda wapi? Kwangu haziji. Kuna mkopo wa nyumba. Mkopo wa gari langu. Mkopo wa gari la mke wangu, ambalo ni kubwa kuliko langu. Ada ya ukumbi wa mazoezi, ambako nilikwenda siku ya kujiandikisha tu. Halafu ile bahasha ya mama mkwe kila mwisho wa mwezi. Ana nyumba yake, ana kuku wake, pesa za nini? Nimempigia mke wangu, ambaye yuko kwenye semina hadi Jumamosi, nikapendekeza tuifyeke bahasha. Akasema nianze kwa kufyeka mdomo wangu.

Sijamwambia habari ya simba. Jirani yetu, daktari wa meno, ameweka bustanini chemchemi yenye simba wa saruji anayetema maji mchana kutwa. Kila nikifungua dirisha namsikia akitema. Nami nimeagiza yangu, ya simba wawili. Fundi alitaka malipo ya kwanza siku ile ile, na siku ile ile nilikuwa na ada ya binti yetu mfukoni, mke wangu ameniachia wakati wa kuondoka. Nimeiazima tu, jamani. Shida ni kwamba mitihani ya binti inaanza Ijumaa, na mshahara uko mbali.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata dawa! Shule ina mfuko wa kuwasaidia wazazi waliokwama. Kama yupo mzazi aliyekwama kunishinda, nionyeshwe. Nimejifungia ofisini nikajaza fomu. Kipato cha kaya kwa mwezi? Nimeandika: Hakitoshi. Si uongo.

Mhasibu wa shule ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba na uso ambao haujawahi kumkopesha mtu. Amelisoma jibu langu, akanitazama, akalisoma tena. Akasema kila mwombaji hutembelewa nyumbani, na zamu yangu ni Jumatano asubuhi. Nikasema karibu sana. Nikatoka nikaacha kalamu yangu mezani kwake.

Lakini ninaogopa nini? Kazi yangu miaka yote hii ni kuwanasa watu wanaochoma maduka yao wenyewe ili walipwe. Nawajua kama viganja vyangu. Kosa lao ni moja siku zote: huyu wanamwambia hili, yule wanamwambia lile, mwisho huyu na yule wanakutana. Mimi siwezi kufanya ujinga huo. Nyumba itakuwa tupu, nami nitakuwa mnyonge, basi.

Jumanne, 11 Juni

Sikwenda kazini, nimeugua. Nimemwendea daktari wa meno (nyumbani tunamwita Bwana Meno) nikamwomba anihifadhie vyombo kwa sababu napaka rangi. Nilitegemea maswali. Hakuuliza hata moja! Alikubali kabla sijamaliza, tena kwa bashasha, akasema ujirani ni kusaidiana na huenda naye akahitaji nafasi kwangu wiki hii hii. Sikujua kama ana wema wa namna ile.

Tumebeba na mlinzi wa getini. Makochi, zulia, runinga, friji ya milango miwili, mashine ya kahawa ambayo hakuna anayejua kuiwasha. Mgongo sina tena. Mlinzi amedai chake mara mbili, eti friji yenye milango miwili ni friji mbili. Pesa tena!

Binti amerudi kutoka shuleni akakuta sebule inaitika mwangwi. Nikamwambia tunaipumzisha nyumba. Yuko darasa la sita. Anauliza machache, lakini yanachoma. Amesema mwalimu amewatangazia kwamba wasiolipiwa ada watakaa maktaba wenzao wakifanya mtihani. Akataka kujua aendelee kusoma au asijichoshe bure. Nikamwambia asome. Akaenda akasoma sakafuni, kwa kuwa meza iko kwa Bwana Meno. Imeniuma, na sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Jumatano, 12 Juni

Siku ya nuksi!

Sijanawa uso, hodi mlangoni. Mama mkwe! Na begi, na kuku mmoja chini ya kwapa. Mke wangu amemtuma aje atuangalie, bila kunitaarifu. Akaingia sebuleni, akasimama katikati, akageuka polepole kuikagua nyumba. Nikaona midomo yake inaanza kutetemeka, nikajua anafikiri tumepigwa mnada. Ningesema nini? Nikasema tuna kunguni. Nikasema vyombo vyote viko kwa jirani, daktari wa meno, hadi dawa ikauke.

Huzuni ikamtoka pale pale. Akafunga kitambaa kichwani, akachemsha maji sufuria tatu, akatoa suti zangu zote juani na kuzipiga kwa fimbo, huku akirudia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Suti ya harusi imepoteza kola.

Mhasibu akafika. Mimi nimevaa shati la kuoshea gari, nimeketi juu ya ndoo. Mambo yalikwenda vizuri mno! Nilishusha pumzi, nikatazama dari, nikataja gharama za maisha. Aliandika. Aliuliza kama nyumba imekuwa hivi muda mrefu, nikamwambia mambo yalianza taratibu, kikatoka kimoja, kikafuata kingine. Hata hilo si uongo, tulianza na zulia. Nadhani nilimwona akivua miwani kuipangusa.

Ndipo mama mkwe akaingia na birika la maji ya moto.

"Usiegemee ukuta huo, mama," akamwambia. "Kunguni."

Kisha, kwa kuwa ni mtu wa watu na hapendi mgeni atudharau, akamweleza kila kitu. Asituone hivi, sisi ni watu wenye vitu vyetu. Makochi ya ngozi tunayo. Runinga tunayo, pana kama mlango. Friji, acha kabisa. Viko hapo kwa daktari wa meno, akipenda ampeleke akaone, mkwewe hana neno. Mkwewe alikuwa amekaa kwenye ndoo akiomba ardhi ipasuke. Mhasibu akafunga faili, akasema angependa sana kuona.

Tulimkuta Bwana Meno kwenye kochi langu, mbele ya runinga yangu, na kahawa kutoka kwenye ile mashine. Ameweza kuiwasha! Mama mkwe akamwomba radhi kwa usumbufu wa kunguni. Sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Akanigeukia akitaka kujua ile rangi niliyosema iko wapi. Hapo mhasibu akamtazama vizuri, akafungua faili upya, akapitisha kidole.

"Na wewe, daktari, si tunakuja kwako kesho?"

Simba peke yake ndiye aliyekuwa akitema.

Kumbe! Naye ameomba! Kesho alikuwa amepanga kunirundikia vyombo vya nyumba mbili. Nimekasirika hadi sasa kalamu inachana karatasi. Mtu ana kliniki mbili anakwenda kugombania pesa za wanyonge. Hakuna haya siku hizi.

Kufika mchana vyombo vyangu vyote vilikuwa barabarani, friji imeangalia juu. Mlinzi amedai chake tena kuvirudisha.

Alhamisi, 13 Juni

Mhasibu amepiga simu. Ombi limekataliwa. Ameniambia pia, kwa sauti ya upole iliyoniudhi kuliko matusi, kwamba mfuko huo una watoto wa wafagizi na wajane, na mtihani ni kesho saa mbili.

Nimekimbilia kwa fundi wa chemchemi kudai pesa yangu. Amesema simba wameshamwagwa, wanakauka, na simba aliyekauka harudi kuwa saruji. Akanipeleka kuwaona. Wanafanana na paka wanaoumwa meno. Akaniahidi punguzo nikimalizia malipo yaliyobaki mapema.

Nimemwomba bosi wangu mshahara wa mbele. Akafunga mlango, nikadhani sasa ananikubalia. Akaniuliza kama mimi ningeweza kumwazima yeye kidogo, gari lake jipya linamtoa roho. Bosi! Nimejaribu kuuza baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote. Aliyekuja kuitazama ameuliza kama ina kunguni. Habari imeenea mtaa mzima. Bwana Meno anasema wagonjwa wamefuta miadi, na salamu yangu haitikii.

Jioni binti alichonga penseli zake zote, akazipanga kwenye kijaluba kwa urefu, akakifunga, akakifungua, akazipanga tena. Sikuweza kumtazama. Nimekwenda kujifungia bafuni, na nitaandika ukweli, nimelia. Mtoto hana kosa. Simba wawili wa nini?

Nilipotoka nikamkuta mama mkwe anapangusa mlango wa friji. Hakuwa nyumbani mchana kutwa, anasema alikwenda kunyoosha miguu. Akaniuliza kama ada ya mtoto imelipwa. Nikamjibu iko njiani, mama. Akanitazama kama mtu anayelinda maziwa jikoni, akarudi kupangusa.

Ijumaa, 14 Juni

Nimempeleka binti mwenyewe. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia mhasibu. Nilikuwa tayari kumpigia magoti, nimevaa hata suti isiyo na kola. Kwenye kidirisha chake nikaanza na neno utu. Akanikatiza. Ada imelipwa jana mchana, mwaka mzima, taslimu. Aliyelipa ni yule mama wa birika. Alifungua fundo la kitambaa juu ya meza, akawaomba wahesabu wao, macho yake hayaoni vizuri.

Binti akaingia chumba cha mtihani na kijaluba chake, hakugeuka nyuma. Nilibaki kwenye korido nimeshika ukuta.

Nyumbani nikamkuta uani na yule kuku. Nikamuuliza pesa zile katoa wapi. Akashangaa swali.

"Si zenu, baba? Mnanitumia nyingi mno, na kuku wangu hawali noti. Nikasema hawa watoto wana mishahara mikubwa, ipo siku wataishiwa."

Ile bahasha! Niliyotaka kuifyeka! Nimelia mara ya pili wiki hii, safari hii mbele ya kuku. Akanipigapiga mgongoni, akasema mke wangu ataambiwa habari ya kunguni tu.

Nimeapa. Ukumbi wa mazoezi, basi. Kushindana na Bwana Meno, basi. Mshahara ukiingia namrudishia mama kila senti. Nimejifunza, na naandika kwa wino ili nisije nikakana.

Jumamosi, 15 Juni

Mke wangu amerudi. Amekuta nyumba inang'aa, ada imelipwa, mama yake anasinzia kwenye kochi. Amenisifu! Ameuliza tu kwa nini friji imebonyea na nani ameichana suti ya harusi yetu. Mama mkwe akasema kunguni. Jioni tumempeleka kituoni, akaniachia kuku.

Tukirudi, nikaona mafundi kwa Bwana Meno. Wanamng'oa simba. Nikapumua, nikasema maskini, naye ameamka. Nikamwonea hata huruma. Kisha wakashusha kitu kutoka kwenye lori. Tembo! Mkonga juu, maji yatafika kwenye dirisha langu. Nimemwuliza mlinzi mtu huyu anatoa wapi pesa, juzi tu alikuwa analilia mfuko wa wanyonge. Mlinzi amesema juzi jioni alimfungulia geti mama mkwe wa Bwana Meno, alikuja na teksi, na fundo la kitambaa mkononi.

Jumapili, 16 Juni

Sikulala. Tembo yule anavuma.

Nimepiga hesabu, safari hii vizuri. Bahasha moja kila mwezi, tangu tuoane. Toa ada ya mwaka. Toa chakula cha kuku. Haba na haba hujaza kibaba! Inabaki nyingi, nyingi sana, na yote imelala kwenye fundo la kitambaa bila faida, bila bima, panya wakizunguka. Mimi mtu wa bima nitakaaje kimya? Kumrudishia na ile ya ada sasa hivi ni kumwongezea hatari.

Wakati wa chai nimemwambia mke wangu kwamba nimefikiri, na kwamba bahasha ya mama ni ndogo. Tuiongeze. Tena tuiongeze mara mbili! (Fundo likinenepa, siku nikikwama litaniokoa tena.) Mke wangu aliweka kikombe chini, machozi yakamlengalenga. Akasema nimekuwa mtu mzima, hatimaye. Akanikumbatia muda mrefu, nami nikaona saa ya ukutani kwa nyuma ya bega lake. Fundi wa chemchemi hufungua hata Jumapili, mpaka saa sita.

Nimewahi. Simba wale nimemwambia awauze kwa mwingine. Nimeuliza bei ya kiboko.