Uzinduzi wa Kituo cha Kujiamini kwa Wanawake Kazini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Waheshimiwa Wajumbe, Mheshimiwa mke wangu, wakuu wa idara, makaimu wakuu wa idara, wadau wa maendeleo, wageni waalikwa na waliojialika, itifaki imezingatiwa, na kama kuna aliyesahaulika, ajione ametajwa. (Makofi.)

Mimi Mkurugenzi wenu nimesimama kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ninaojulikana nao hadi ngazi ya kimataifa, kuzungumzia gonjwa linaloitwa kitaalamu imposta sindromu, yaani hali ya mwanamke msomi, mwenye vyeti vyake halali, kukaa ofisini akijiona feki na kuogopa kwamba wakati wowote ataumbuliwa, na kwa mujibu wa utafiti shirikishi nilioufanya mwenyewe nikiwa ndani ya gari, asilimia mia na nne ya wanawake wa Mamlaka hii ya Maji wanaugua. (Minong'ono.) Msinong'one, takwimu ni takwimu.

Mfano hai ni mama yetu Mhandisi, yule pale nyuma, anayekaimu Idara ya Mabomba tangu mkuu wake astaafu. Maji yanatoka, pampu zinazunguka, na bado hajiamini! Kila akileta mchoro namuuliza, "Una uhakika, mama?" Namuuliza ofisini, namuuliza kikaoni, namuuliza hata kwenye ngazi, na majuzi nikamwona kwa macho yangu akifuta mchoro uliokuwa sahihi. Mwenzake wa kiume sijawahi kumuuliza, na bomba lake lilipopasuka likafurika soko zima, hakutetemeka hata kidogo. Huo ndio uongozi! (Kicheko kutoka upande wa wanawake.)

(Sauti ya Mhandisi: "Mheshimiwa, nimeomba kuthibitishwa, mkanijibu sijiamini. Haya, nimekubali, mmenisema mpaka kazi ninayoijua naiogopa. Basi nipokeeni hapo kituoni leo hii, nipate hicho Cheti cha Kujiamini mnachotudai, niacheni nifanye kazi." Makofi marefu, vigelegele.)

Kaa, mama, usipaniki. Mmeona wenyewe dalili? Ndiyo maana Bodi, kwa ushauri wangu wa kimkakati, imeazimia kwamba hakuna kaimu wa kike atakayethibitishwa bila Cheti cha Kujiamini, na cheti hicho kitatolewa na Kituo hiki pekee, Kituo cha kisasa, chenye ukumbi wa vioo ili mwanamke ajione, chumba cha kupazia sauti ambacho sauti haitoki nje, pamoja na paneli ya wataalamu wabobezi, wote wanaume wasio na ugonjwa huo. (Mjumbe mmoja wa Bodi anapiga makofi, anaacha.)

Mwanamke, jiamini! Jiamini, lakini omba kibali! (Miguno.)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi seremala kwa kutuazima mlango huu mzuri tuliofungia utepe, na naomba msiusukume, nyuma yake ni ukuta. Kituo chenyewe kitaanza mara tu tutakapompata mwanamke wa kukiongoza, mwenye Cheti cha Kujiamini kutoka kituoni hapo. Hadi apatikane, nitakikaimu mimi, na mimi sihitaji cheti. Asanteni sana.