Dhoruba Muriel

Jumatatu, 20 Aprili
Mhariri wetu, Bi. Tunnicliffe, kaniita. Habari mbaya. Jana ukurasa wangu wa hali ya hewa katika Sauti ya Skelderby ulisomwa na watu mia tatu na kumi. Ule wa mwenzangu Rowena, "Kalunguyeye wa Wiki", elfu tisa. Akasema gazeti haliwezi kutulisha sote wawili; Jumamosi mmoja wetu anaondoka. Rowena hakuinua uso, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Miaka kumi na tisa naandika mvua ya mji huu, leo nifukuzwe na kinyama cha miiba! Nina hofu kwelikweli.

Jumanne, 21 Aprili
Wataalamu wanasema kesho ni manyunyu na upepo wa kawaida. Nani atasoma manyunyu? Siku hizi dhoruba kubwa hupewa majina ya watu, na zenye majina ndizo zinazosomwa. Hii haina. Nitaipa mwenyewe. Nilikuwa nawaza hayo mezani, huku mwenye nyumba wangu, Bi. Muriel Dunnock, akinisema kwa kuanika soksi juu ya birika lake. Jina likaja lenyewe. Saa kumi nikachapisha: DHORUBA MURIEL YAJA NA HASIRA. Ramani nikaipaka zambarau. Nyekundu watu wameshaizoea.

Jumatano, 22 Aprili
Wasomaji elfu kumi na mbili! Shule imeahirisha mbio za watoto. Mkate umekwisha madukani. Rowena kanuna. Dhoruba yenyewe ilifika saa tano, ikalowesha benchi la bustani, ikaondoka saa tano na robo. Bi. Tunnicliffe anataka picha za uharibifu kabla ya chai. Nimezunguka mji mzima. Hakuna hata tawi lililoanguka. Nikarudi nyumbani, nikatazama huku na huku, nikalisukuma pipa la taka la Bi. Muriel. Likagoma. Nikalipiga teke. Picha imetoka vizuri sana.

Alhamisi, 23 Aprili
Kengele ya mlango wa jirani ina kamera. Sikujua. Video yangu nikipigana na pipa imetazamwa na watu elfu thelathini. Rowena kaiweka kwenye ukurasa wake, chini ya kalunguyeye.

Bi. Muriel naye karudi kutoka kwa muuza nyama kavimba kwa hasira. Foleni nzima ilimgeukia: "Muriel, mpenzi, leo unavuma upande gani?" Muuza nyama akamwomba amwachie paa lake. Kaniambia ana miaka themanini na mbili na hajawahi kumpeperushia mtu hata kofia. Nilitaka ardhi inimeze.

Amri ya Bi. Tunnicliffe: kesho niandike ukweli mtupu, sentensi moja, kisha nifungashe.

Ijumaa, 24 Aprili
Nimeandika: "Kesho mawingu kiasi, nyuzi joto kumi na mbili, hakuna cha kuogopa." Nikaitazama sentensi ile muda mrefu. Haina damu. Nikaituma. Nimetia vitu vyangu kwenye sanduku na kuagana na mlinzi. Machozi yalinilengalenga, sifichi.

Jumamosi, 25 Aprili
Simu saa moja asubuhi. Wasomaji elfu arobaini na moja! Mji umeingiwa na kiwewe. Wanasema kama yule mtu wa hali ya hewa naye anatuambia hakuna cha kuogopa, basi kazibwa mdomo. Watu wanapigilia mbao madirishani. Muuza nyama kampeleka mama yake kwa dada yake, Leeds. Nje jua linawaka.

Bi. Muriel kajifungia chini ya ngazi. Kaniuliza kupitia mlangoni, sauti ikitetemeka, "Mwanangu, niambie kweli. Ni kubwa kiasi gani?" Nikamwapia kwamba ni mawingu tu. Akaanza kusali kwa sauti.

Bi. Tunnicliffe kasema meza ni yangu, nirudi leo hii. Nilipopita ofisini, Rowena alikuwa anakusanya kalamu zake.

Niliporudi nyumbani nilimhurumia Bi. Muriel, nikakaa naye pale kizani, nikamshika mkono, nikamwambia mara kumi kwamba yuko salama. Kila niliposema, alinibana vidole zaidi. Ndipo nikapata kichwa cha habari cha kesho: MKO SALAMA KABISA, TUNAWAOMBA MTUAMINI.