Ombi la Kuiokoa Miche Minane ya Nyanya Isiitwe Mboga

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba magoti yako yamezizoea ngazi. Anayekuandikia ni mwalimu mstaafu wa sarufi, mkazi wa ghorofa ya chini, mlango wa kushoto.

Jana saa nne asubuhi msimamizi wa jengo alinijia uani akiwa na jembe begani, akanikabidhi notisi yenye sahihi yako. Natakiwa kuing'oa miche yangu minane ya nyanya kabla ya Jumamosi, la sivyo ataing'oa yeye. Sababu ni Kanuni ya Sita: mkazi anaruhusiwa kupanda matunda uani, lakini mboga ni marufuku. Nilipomweleza kwamba nyanya ni tunda, alicheka mpaka akaliegemea jembe. "Mwalimu," akasema, "ushawahi kumpelekea mgonjwa nyanya hospitali?" Mafundi rangi waliokuwa ukutani nusura waanguke.

Kwa heshima zote, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Tunda ni kile kitokanacho na ua na kubeba mbegu. Nyanya hutokana na ua, na mbegu inazo za kumgawia kila jirani. Mchicha hauna hadhi hiyo. Ukiufungua mchicha, ndani utakuta mchicha.

2. Msimamizi anadai kwamba kiingiacho sufuriani ni mboga. Basi chumvi ni mboga, na mwiko pia. Wiki iliyopita miwani yangu ilitumbukia kwenye maharage yanayochemka. Nimeivaa tangu siku hiyo, na hakuna aliyeniambia nimevaa mboga.

3. Tunda huliwa bichi, mtu akiwa amesimama, bila kusubiri mtu mwingine. Jana hiyo hiyo jioni nilikata nyanya za sokoni vipande vidogo, nikazichanganya na papai na ndizi, nikampelekea msimamizi bakuli. Alimaliza, akalamba uma, akauliza: "Mwalimu, hili papai jekundu umelitoa wapi? Limebaki?" Ushahidi huo aliutoa kwa hiari yake, akiwa na akili timamu.

4. Shemeji yako wa ghorofa ya kwanza ana mgomba uani. Ndizi zake huzikata zikiwa mbichi, akazipika kwa chumvi na kitunguu, na harufu hunifikia nikiwa kitandani. Sijaona jembe likielekea huko. Sheria ni msumeno, Mwenyekiti, hukata mbele na nyuma. Huu wa kwenu hukata ghorofa ya chini tu. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba mgomba una ndugu kwenye kamati, na miche yangu ni yatima.

5. Kabla ya miche hii, shughuli yangu ya ustaafu ilikuwa kusahihisha. Nilisahihisha orodha ya mke wangu ya sokoni, barua za wajukuu, na matangazo yote ya ubaoni, likiwemo lako kuhusu tanki la maji, lililopata alama nne kati ya kumi. Kwa miezi miwili sasa naamka, namwagilia, napalilia, na kalamu nyekundu imelala kabatini. Miche iking'olewa, kalamu itaamka. Hiki si kitisho, ni taarifa.

Kwa hiyo naomba kamati itangaze rasmi kwamba nyanya ni tunda. Tangazo libandikwe kila ghorofa. Na msimamizi akipita uani aache jembe mlangoni na kuiamkia miche kama anavyowaamkia wakazi wengine. Kamati ikisita, naomba kura ipigwe na wakazi wote, watoto wakiwemo, maana hao ndio mabingwa wa matunda.

Nisalimie mkeo, watoto, shemeji wa mgomba, na majirani wote wa ngazi ya juu, hata yule anayeburuta viti alfajiri. Msimamizi naye msalimie. Simchukii, sikubaliani naye tu.

Wako mtiifu kwa kanuni,
Mwalimu wa mlango wa kushoto

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha nilipotoka kumwagilia. Maua ya kwanza yamechanua. Ni ya zambarau. Mke wangu, aliyekulia shambani, amenieleza taratibu kwamba maua ya nyanya ni ya manjano, na kwamba nimekuwa nikilea biringanya. Alijua tangu majani ya kwanza. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, akasema, "Ningekwambiaje, mzee wangu, na wewe ulikuwa unaimba?"

Kwa hoja yangu ya kwanza, biringanya nayo ni tunda. Lakini nimechukua moja jikoni, nimeila mbichi, nikiwa nimesimama, kama hoja ya tatu inavyotaka, na siwezi tena kuweka sahihi chini ya maneno hayo. Ni mboga. Msimamizi yuko sahihi.

Hata hivyo naomba miche iachwe. Nimeandika "hata hivyo" nikijua vizuri kwamba hiyo si hoja.